Pikapu haikuwa imekufa: besi yangu, Jaduong' na mita ya sindano

Fundi wa kwanza alichukua hio gita yangu ya besi, akazungusha voliumu mara mbili, akagonga nyuzi kidogo, akaniambia pikapu ya mbele, kile kifaa kinanasa sauti ya nyuzi, imekufa, nilete 4,500 anitafutie ingine. Hakufungua kifuniko. Bisibisi hakuishika. Na mimi venye Jumapili ilikuwa inakuja na kwaya inanitegemea, karibu nimpe hio pesa, kilichoniokoa ni kwamba sikuwa nayo. Tangu siku hio nimeona besi nne za vijana wa hapa Kisumu zikihukumiwa hivo hivo, "pikapu imekufa", na kati ya hizo nne hakuna hata moja ilikuwa na pikapu imekufa. Shida ilikuwa kwa viungo: waya umeachia, jeki imelegea, kitu kimeunganishwa mahali si pake. Vitu vya shilingi hamsini. Inaniuma kuona kijana ameuza simu anunue pikapu mpya, halafu anaiweka na besi inaendelea kulia vilevile.

Yangu niliipata soko la Kibuye, kwa mama anayeuza vitu vya mitumba, redio, feni, pasi, na hio gita ikiwa imesimama katikati yao bila uzi wa G. Ni kopi ya muundo wa Jazz Bass, ule Fender walitoa 1960: pikapu mbili nyembamba, voliumu mbili, toni moja. Shingo ilikuwa imenyooka kabisa, nikaiangalia kutoka juu kama mtu anayepima mbao, nikalipa. Nyumbani Manyatta nikaichomeka kwa ampu na hapo ndio matatizo yakaanza kujitokeza moja moja. Ilikuwa inavuma. Ukisogeza kebo inakatika. Na ukifungua voliumu zote mbili hadi mwisho, ile sauti ya chini, ile yenyewe unanunulia besi, inapotea, inabaki kitu chembamba kama gita la solo linapigwa ndani ya debe.

Kwanza niseme venye hii kitu inafanya kazi, kwa sababu ukishaelewa hapa hakuna mtu atakudanganya tena. Pikapu ni sumaku imezungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, mizunguko maelfu. Uzi wa gita ni chuma, ukiucheza juu ya hio sumaku unatingisha nguvu yake na waya ule unazalisha umeme kidogo sana. Huo umeme unapita kwa poti ya voliumu, kile kifaa kiko chini ya nobu unayozungusha, unaenda kwa jeki, unatoka kwa kebo. Toni haiko njiani, iko pembeni, inachukua zile sauti za juu inazipeleka kwa waya wa ardhi kupitia kapasita. Basi. Hakuna kingine ndani, hakuna betri, hakuna aisii. Redio ya zamani ya nyanya yako ina vitu vingi mara kumi kuliko hio.

Sasa kama njia ni fupi hivo, si unaifuata tu kutoka mwanzo hadi mwisho uone imekatika wapi? Ndio kazi yote. Kitu cha kwanza mimi hufanya sai nikiletewa besi ni kuichomeka, ampu chini kabisa, halafu nagonga vile vichwa vya sumaku kwa ncha ya bisibisi, polepole. Pikapu nzima inajibu tok, tok kwa spika. Unafunga voliumu moja unagonga, unafungua hio unafunga ingine unagonga. Dakika moja. Yule fundi angefanya hivo angeskia pikapu zangu zote mbili zikijibu. Yeye alifungua zote akaskia sauti nyembamba, akafunga ya mbele, sauti ikarudi, akasema aah, ya mbele ndio mbaya. Hakufunga ya nyuma aache ya mbele peke yake. Mimi nilifanya hivo usiku ule na sauti ikarudi vilevile, nzito, tamu hata kuliko ya nyuma. Yaani kila moja peke yake ni mzima, zikikutana ndio zinagombana.

Nikaazima mita. Hapa usiogope namba, ni rahisi: unachomeka kebo kwa gita, upande ule mwingine unaweka waya mmoja wa mita kwa ncha ya plagi na mwingine kwa mwili wake, mita iko kwa ohm elfu 20, voliumu iko wazi mwisho. Pikapu ya mbele peke yake ilinipa kilo-ohm 6.9, ya nyuma 7.2, zote pamoja 3.6, ambayo ni sawa kabisa kwa sababu vitu viwili vinavyokaribiana vikiunganishwa sambamba vinakupa kama nusu. Pikapu iliyokatika ndani haisomi hivo, kwa hio hesabu pekee nilijua 4,500 yangu iko salama. Lakini mita haikuniambia mbona zinagombana.

Huyo aliyeniambia ni mzee mmoja wa kutengeneza redio Kondele, kibanda kidogo cha mabati, kila mtu anamwita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, na mimi pia namwita hivo. Yeye hachezi gita. Alikuwa na mita ya sindano, ile ya zamani yenye kioo, na akaniambia nimuachie kiti.

"Wewe umesema kila moja iko sawa peke yake?"

"Ndio Jaduong'."

"Na pamoja zinapotea chini?"

"Zinapotea kabisa."

"Basi moja inasukuma na ingine inavuta. Leta hapa."

Akatoa waya za pikapu kwa poti, akaweka mita kwa ya mbele, nyekundu kwa waya wa moto na nyeusi kwa wa ardhi, kipimo cha chini kabisa. Akabandika bisibisi juu ya sumaku, akatulia mpaka sindano ikakaa kwa sifuri, halafu akaibandua haraka. Sindano ikaruka kulia, kidogo tu, kama mtu amepepesa jicho. Akarudia mara tatu, kulia, kulia, kulia. Akahamia ya nyuma, waya zilezile, rangi zilezile, akabandua bisibisi. Sindano ikarudi kushoto ikagonga ule msumari mdogo pale chini ya sifuri. Nikamwangalia, akaniangalia. Hakusema kitu, akachukua chuma cha kulehemu, akabadilisha waya mbili za pikapu ya nyuma, uliokuwa ardhi ukawa wa moto na wa moto ukawa ardhi, akapima tena. Kulia.

Kumbe mtu fulani kabla yangu aliwahi kufungua hio gita, akatoa waya, akarudisha kinyume. Uzi mmoja unatetemeka, pikapu moja inasema juu na ingine inasema chini kwa wakati uleule, ukijumlisha unabaki na kitu kidogo, na kinachopotea zaidi ni zile sauti nzito kwa sababu hapo ndio pikapu zote mbili zinaskia karibu kitu kimoja. Na kuna zawadi ya pili sikuitarajia. Hizi pikapu za seti hii zimetengenezwa ya pili ikiwa imezungushwa kinyume na sumaku yake pia imegeuzwa, ili zote zikifunguliwa sawa uvumi wa stima ufutane na sauti ya uzi ijumlike. Waya zikiwa kinyume inakuwa kinyume pia: sauti inafutana na uvumi unajumlika. Waya mbili tu zikarudi mahali pake na vitu viwili vikapona mara moja. Kama unataka kujaribu hii, angalia kwanza kama pikapu yako ina kava ya chuma imeunganishwa na ule waya wa ardhi, hio lazima itenganishwe kwanza, la sivyo kava yenyewe itakuwa ya moto na italia zaidi. Zangu ni za plastiki kwa hivyo hakukuwa na shida.

Lakini ilikuwa bado inavuma, chini kuliko mwanzo, na hata nikishika nyuzi haipungui.

Hapo nataka nikae kidogo kwa sababu hii ndio watu wengi wanaishi nayo wakidhani ni kawaida. Stima yetu Kenya inatembea kwa hetsi 50, yaani inatetemeka mara 50 kwa sekunde. Uzi wa E wa besi ukiwa wazi ni kama hetsi 41, na ukishika freti ya tatu unapata G, hetsi 49. Yaani ule uvumi wa stima unakaa karibu juu ya G yako ya chini, juu kidogo tu. Ukicheza wimbo wa G, na hapa kanisani tunaimba G sana kwa sababu akina mama wanaifikia vizuri, unaskia noti yako inayumbayumba, wuu-wuu-wuu, na unaanza kujilaumu kwamba gita haiko kwa tyuni. Mimi nilizungusha kigingi cha E miezi kadhaa nikitafuta shida haikuwa huko. Marekani stima yao ni hetsi 60, iko katikati ya A shapu na B, kwa hivyo ukisoma ushauri wa watu wa huko hawatakuambia hii kuhusu G, hawakutani nayo.

Nyuzi zinafaa ziwe zimeunganishwa na ardhi. Kuna waya unatoka kwa poti, unapita kwa tundu dogo ndani ya mbao, unatokea chini ya daraja, na daraja linaukandamiza. Unapima kwa mita ile ya kulia piii, waya mmoja kwa uzi wa gita na mwingine kwa mwili wa jeki. Yangu haikulia. Nikafungua skrubu tano za daraja na nikaona waya uko pale sawa, lakini umekuwa wa kijani, na chini ya daraja kuna utando mweusi. Hii ni hewa ya ziwa, hii Kisumu yetu chuma hakipumziki. Nikasugua chini ya daraja kwa msasa hadi ikang'aa, nikakata ncha ya waya, nikaumenya upya, nikazitandaza zile nyuzinyuzi zake kama ufagio ili zishikwe sehemu kubwa, nikafunga. Piii. Kazi ya nusu saa na sikununua kitu.

Na kwa sababu nyuzi zimeunganishwa na ardhi ya ampu naomba hapa usome vizuri. Ampu ikiwa na hitilafu, ama soketi ya ukumbi haina waya wa ardhi, nyuzi zako zinaweza kuwa na stima na maikrofoni iko na ardhi ingine tofauti, ukisogeza mdomo kuimba unapigwa mdomoni. Mimi nimepigwa, kwa kesha moja upande wa Siaya, jenereta nje, ekstensheni imeungwa kwa plagi iliyokatwa ule mguu mrefu. Iliniacha nikitetemeka na mkono ulikuwa mzito hadi asubuhi. Tangu hapo kabla sijaimba naweka mita kwa volti za AC, kipimo cha juu, waya mmoja kwa uzi na mwingine kwa kichwa cha maikrofoni. Ikisoma makumi ya volti sichezi mpaka mwenye vyombo arekebishe, hata kama MC anaita. Na usikate mguu wa ardhi wa plagi ya ampu ati ndio uvumi uishe, kuna watu wanafundisha hivo na ni hatari ya kifo.

Ile ya kukatika ukisogeza kebo ilikuwa jeki, sitaikalia sana. Ule ulimi wa chuma unaogusa ncha ya plagi ulikuwa umelegea, nikaukunja kidogo ndani kwa koleo, nikausugua, na lehemu moja ilikuwa ya kijivu, imefifia, imekaa kama tone la nta juu ya chuma bila kushikana. Lehemu nzuri inang'aa na inatambaa. Ukiona tone limekaa duara hivo, pasha tena hadi liyeyuke na waya na chuma vyote viwe moto, usiongeze risasi tu juu.

Hizo besi zingine nne kila moja ilikuwa na yake, na mbili zilikuwa ni jeki tu. Moja ilikuwa na waya wa moto umekatika palepale kwa mguu wa poti, na ile ya kijana wa hapa mtaani ndio ilinifundisha zaidi. Voliumu yake iliharibika akaenda kwa fundi wa redio, akawekewa poti ya kilo-ohm 10, kwa sababu kwa redio hio ni saizi ya kawaida. Gita ikawa dhaifu, imezibwa, kama spika imefunikwa na blanketi, na hukumu ikawa ileile, pikapu imechoka. Pikapu ya kawaida isiyo na betri inataka poti ya kilo 250. Umeme wake ni mdogo sana, ukiiwekea kilo 10 ni kama kutoboa ndoo chini halafu unashangaa maji hayajai. Geuza poti usome nyuma, utaona A250K ama B250K. A ni ile inayopanda kwa namna sikio linaskia, B inapanda sawasawa. Mimi kwa voliumu napenda A, lakini kama dukani kuna B pekee chukua B, bora iwe 250.

Kapasita ya toni ndio mahali pa kuchezea bila hofu, ni shilingi chache sana. Ile ya kawaida imeandikwa 473, maana yake 47 na sifuri tatu, pikofaradi 47,000, yaani maikrofaradi 0.047. Ukiweka 104 unapata 0.1, ukifunga toni inakuwa nzito ya reggae, chini kabisa. Ukiweka 223 inakata kidogo tu. Nililehemu waya mbili ndefu nikazitoa nje ya gita, nikawa nabadilisha kapasita kwa vidole huku rafiki anacheza, tukaskiza jioni nzima. Nilibaki na 223. Hapa kwetu tunacheza benga na besi ya benga haikai chini kimya, inaruka, inajibu gita la solo, inaacha nafasi halafu inaingia ghafla, na ukiwa umezibwa hayo majibu hayaskiki nje ya hema. Skiza besi kwa rekodi za Shirati Jazz, ile bendi ya benga, uone venye kila noti ina mwanzo wake. Nyatiti, kile kinubi cha Wajaluo, pia iko hivo, kila uzi unabonyea masikioni.

Ndani ya mbao nilibandika foili ile ya jikoni kwa gundi, pote, na chini ya kifuniko. Foili ya aluminiamu haishiki risasi kwa hivyo nilikaza waya wa ardhi kwa skrubu juu yake, na vipande nilivilaza kimoja juu ya kingine nikapima kila kimoja kama kinalia piii, kwa sababu gundi huwa inatenganisha. Nikafunga gita, nikachomeka, kimya kabisa. Hakuna uvumi, hakuna sauti pia! Mguu wa jeki ulikuwa unagusa foili. Kipande cha selotepu, ikaisha.

Watu wananiuliza mbona nisiweke preampu ya betri, kile kikuza sauti kidogo cha ndani ya gita, kama ile Music Man waliweka kwa StingRay yao ya 1976. Ni kitu kizuri, sitasema vibaya, unapata besi na trebo zako mwenyewe kwa mkono. Lakini betri ya volti 9 inaisha saa nane usiku ukiwa Bondo ndani na duka la karibu limefungwa, halafu inaisha kwa ubaya, sauti inaanza kukwaruza kwanza. Kama unayo tayari, jua kwamba ile jeki yake ya miguu mitatu ndio swichi: ukichomeka kebo betri inawaka, kwa hivyo ukizoea kuiacha imechomekwa hata kama huchezi, betri inaisha mapema na gita haina kosa lolote.

Nilichofanya badala yake ni swichi ndogo ya miguu sita, kati ya zile voliumu mbili, inayopanga pikapu zifuatane badala ya kuwa sambamba. Mita inasoma karibu kilo-ohm 14, sauti inapanda na ule mnofu wa katikati unaongezeka, trebo inapungua kidogo. Kwa kwaya naiacha sambamba, ni safi zaidi. Kwa matanga, kwa hema, spika ziko mbali na watu wanacheza, naigeuza. Ilinichukua Jumamosi mbili na mchoro niliuchora upya mara tano, na mara ya kwanza nikafunga voliumu moja na gita yote ikazima, nikarudi Kondele, Jaduong' akauangalia mchoro akaweka kidole mahali pamoja tu. Alikataa pesa. Nilimpelekea sukari kilo mbili.

Bado nikifungua pikapu moja peke yake inavuma kidogo, hio ndio tabia ya pikapu ya koili moja na siitafutii dawa. Zikiwa zote mbili zimefunguliwa sawa kabisa ndio kimya, na hio "sawa kabisa" ni mahali padogo sana kwa nobu, gizani huwezi kupaona. Kwa hivyo nilichukua rangi ya kucha ya dada yangu, nyekundu, nikaweka nukta moja kwa kila nobu na moja kwa mbao. Nukta zikikutana, niko tayari.